Nyumba ya Zege na Mlango wa Nyuma

Ulikuwa mwaka wa unga wa manjano. Watu wa umri wangu hawahitaji kuambiwa zaidi. Ulikuwa unga wa msaada, umelala kwenye magunia mpaka ukashika harufu ya gunia, na ugali wake ulikuwa na utamu fulani wa ugonjwa. Kabla ya huo unga tulikula nyama kila siku, na si kwa raha. Ng'ombe alichinjwa akiyumba, kabla hajaanguka mwenyewe akawa haramu. Nyama ikaisha, maziwa yalikuwa yameisha kitambo, tukabaki na ule unga. Mwaka huo ndio niliteremka kutoka Korbesa na watoto wawili mpaka Isiolo mjini, na mwaka huo ndio niliingia kwenye mjengo, kazi ya ujenzi.

Makena ndiye ameniomba niandike haya. Makena amesoma kuchora plani za nyumba, na miaka yangu ya mwisho tulifanya kazi pamoja. Mimi niliweka nyumba chini kwa majivu, yeye akaiweka kwenye karatasi ili watu wa county waikubali. Anasema nyinyi mnaoanza kazi mtasoma. Mimi darasa nilifika la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza, kwa hivyo mkiona herufi zimekaa vibaya, nendeni mkaangalie nyumba zangu. Hizo zimekaa vizuri. Mishahara siandiki. Vyeo pia siandiki, kwa sababu nilianza nikiitwa Mama Kokoto, halafu Waborana wakaniita Akoo, nyanya yao, na Wameru wakaniita Shosho, na huko ndiko kupanda kwangu kote.

Najua mnalotaka kuuliza. Kila mtu anauliza kwa nini nyumba yangu ya mwisho, ile ya Halkano kule Bulla Pesa, imebaki msingi na nyasi. Nitawajibu, lakini nianze mwanzo, la sivyo mtadhani ni kiburi tu. Kiburi kipo, ila si hicho tu.

Siku ya kwanza nilipewa karai na fundi aliyeitwa Mwiti, Mmeru mfupi mwenye sauti kubwa. Hakuniuliza jina. Alinionyesha rundo la kokoto na ubao uliopanda mpaka juu, pale wanaume walipokuwa wanamwaga slabu, ile dari ya zege, ya duka, akaniambia panda. Nilipanda. Katikati ya ubao miguu ikakataa. Akina mama waliokuwa nyuma yangu na makarai yao kichwani wakaanza kunitukana kwa lugha tatu, na ile moja niliyoielewa ilikuwa yangu. Mwiti akateremka akanishika mkono, akaniuliza kama naogopa kuanguka. Nikamwambia hapana, naogopa nyumba.

Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini nilikuwa namaanisha.

Kwetu nyumba hujengwa na mwanamke. Mwanamume ana ng'ombe, mwanamke ana nyumba, na mume akisema "nyumba yangu" mbele ya watu, watu wanamwangalia tu. Mama yangu alipinda miti akaifunga kwa kamba, akaivika mikeka, na siku ya kuhama nyumba yote ilikaa juu ya ngamia mmoja na sufuria zikining'inia. Nyumba kama hiyo ikikuangukia unaamka, unajipangusa, unatafuta chai. Hii ya Mwiti ikikuangukia, watu wanakuja na sururu. Kwa hivyo nilipoambiwa nipite chini ya ile slabu mbichi iliyoshikwa na miti tu, nilipita nikisoma dua, na nyinyi mkiona mtu anapita chini ya slabu mbichi akipiga soga kwenye simu, huyo hajaelewa yuko wapi.

Mama alikuwa na kitu kingine katika nyumba yake ambacho mgeni hangekiona. Mlango ulikuwa mmoja, mbele. Lakini nyuma, pale alipolala na sisi watoto, kulikuwa na mkeka mmoja aliofunga kwa fundo la kuvuta. Nililijua hilo fundo asubuhi moja, wakati wa kukamua, watu wenye bunduki walipoingia bomani. Walikuja kwa mlango. Mama alivuta fundo, akatusukuma nje mmoja baada ya mwingine kama mtu anayetoa mbuzi zizini, na mimi nilitambaa mpaka kwenye miiba nikalala humo na mchanga mdomoni. Nyumba iliungua. Sisi hatukuwa ndani. Tangu hapo nikiingia nyumba yoyote, hata ya matanga, hata hospitali, macho yangu hutafuta nyuma kabla hayajamwangalia mwenyeji. Watu husema nina dharau.

Mwiti alinifundisha zege jinsi mtu anavyofundisha kupika, kwa kunigombeza. Mchanga wa laga, ule mto mkavu, aliufinya kiganjani, akafungua mkono, na kiganja kikibaki kichafu aliurudisha ukaoshwe. Maji aliyatia kidogo kuliko wote walivyotaka, maana zege lenye maji mengi ni rahisi kumwaga na ni rahisi kupasuka. Ukuta ukishasimama alitaka unyweshwe maji asubuhi na jioni kama ndama aliyefiwa na mama. Watu wa mji walikuwa wanachota maji ya kunywa kwa foleni, na sisi tunamwagia ukuta. Walituona wendawazimu. Nilimwuliza Mwiti siku moja kama yeye haogopi, akasema anaogopa kila slabu, na siku atakayoacha kuogopa nimfukuze mjengoni. Hapo ndipo nilimpenda yule mzee.

Kuweka nyumba chini nilianza bila kutumwa. Bwana mwenye plot alikuwa anabishana na Mwiti kuhusu vyumba, na mke wake amesimama pembeni na mtoto mgongoni, hakuna anayemwuliza. Nikachukua majivu ya jiko letu la chai, nikamwambia yule mama anionyeshe atalala wapi. Akaonyesha. Nikachora kwa majivu. Nikamwambia alale. Akalala pale chini mbele ya wanaume, akaamka akasema hapana, kichwa changu kitakuwa karibu na choo. Tukafuta, tukachora tena. Tukampa sufuria ya maji atembee nayo kutoka jikoni mpaka sebuleni, na kila aliposimama kugeuza bega tulijua mlango umekaa vibaya. Mwiti aliangalia tu. Nyumba ya pili aliniita kabla ya kupiga kamba ya kupimia, na baadaye kila nyumba. Ndio hiyo kazi Makena anaiita design. Mimi naiita kumwuliza mwenye nyumba.

Halafu ikaja ile nyumba ya mtaa wa Chechelesi.

Kulikuwa na familia ya kwetu iliyotoka malishoni ikauza mifugo, ikataka nyumba ya zege. Wakati huo mimi nilikuwa kwenye kazi nyingine upande wa soko. Mwenye nyumba alimwambia Mwiti mlango mmoja, madirisha madogo, vyuma kila dirisha. Mwiti alimwuliza mara mbili kama hataki mlango wa jikoni. Yule bwana akakasirika, akamwambia nyumba ina mlango mmoja, ndivyo tulivyozaliwa tukaiona. Mwiti akajenga hivyo hivyo. Alidhani ni heshima kwa desturi ya watu. Na hilo ndilo kosa letu sisi watu wa mikeka. Tunaingia kwenye zege na mlango wetu mmoja, tunasahau kwamba ule mmoja haukuwa mmoja.

Moto ulianza alasiri, mtungi wa gesi, na jiko lilikuwa karibu na mlango. Nilifika mbio na umati wa mtaa. Watoto walitolewa dirishani baada ya dereva wa lori kufunga kamba kwenye vile vyuma na kuvivuta. Nyanya yao alikuwa chumba cha nyuma, na dirisha lake lilikuwa dogo kama sinia. Mwiti alikuwa amekuja na nyundo kubwa. Alipiga ule ukuta wa nyuma mpaka mikono ikatoka damu, wengine wakampokea, wakapiga, na ukuta ukakataa. Hapakuwa na ufa hata wa kuingiza kidole. Yule nyanya tulimsikia, halafu hatukumsikia.

Mwiti alikaa chini na nyundo magotini. Akaniambia kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Diramu, nilichanganya vizuri sana."

Hakujenga nyumba tena. Alijenga makalavati ya kupitisha maji chini ya barabara mpaka akafa, na makalavati, aliniambia, yana mlango pande mbili.

Mimi niliendelea, kwa sababu watoto hula. Lakini hofu yangu ilihama. Kwanza niliogopa zege likianguka. Baada ya Chechelesi nikaogopa zege likisimama.

Mji ukakua, barabara kubwa ya kwenda Moyale ikawekwa lami, na watu wakaanza kujenga mahali ambapo zamani hata mbuzi hangelala kwa kelele. Hapo nilijifunza kuweka nyumba kwa masikio. Plot ya kelele huiwezi kwa kuiangalia. Unachukua mtungi wa maji mtupu, unaukalia pale chumba cha kulala kitakapokuwa, unafunga macho, unakaa kutwa. Mashine ya kusaga utaisikia kwenye meno. Lori likipanda kilima na gia nzito utalisikia tumboni. Wenye kukata vyuma wanaingia nyuma ya macho. Makena alikuja na simu yake inayopima kelele ikatoa namba, na namba zake na meno yangu yalikubaliana karibu kila mara. Mara moja simu ilihesabu adhana kuwa kelele, nikamwambia aifute hiyo namba, akafuta.

Kisha unapanga. Vitu visivyolala unaviweka upande wa kelele: stoo, bafu, jiko, kabati za ukutani zilizojaa nguo. Korido iwe katikati kama godoro. Vyumba vya kulala mwisho. Ukuta wa zege mzito unazuia sauti kuliko mabati na mbao, hilo halina ubishi, lakini tundu dogo la dirisha baya linaharibu ukuta wote. Na usitake kimya kupita kiasi. Nyumba ikiwa kimya kabisa mama hasikii mtoto akikohoa chumba cha pili.

Sasa Halkano. Halkano ni mfanyabiashara wa mbuzi, mtu mpole, na mke wake anaitwa Talaso. Wana watoto watatu, wa mwisho alikuwa bado ananyonya. Plot yao Bulla Pesa imebanwa kama mtu wa katikati kwenye kitanda cha watatu. Mbele ni barabara na malori. Kulia ni mashine ya kusaga, ukuta kwa ukuta. Kushoto ni vyumba vya kupanga, ukuta kwa ukuta. Nyuma ni uwanja wa Murithi, Mmeru anayeunga mageti na milango ya chuma, anaanza kukata asubuhi na kuacha magharibi. Makena alisimama pale akaziba masikio akasema Shosho, hapa watu hawawezi kuishi. Nikamwambia watu tayari wanaishi, kwa mabati, njoo tuwasaidie.

Tulipanga nyumba nzuri. Naisema bila aibu. Stoo na bafu upande wa mashine, jiko na sebule mbele, vyumba vya kulala pembe ya nyuma kushoto, na katikati tukaacha uwazi mdogo usioezekwa ili hewa na mwanga vitoke mbinguni, si barabarani. Korido ilitoka mbele mpaka nyuma, na mwisho wake mlango mdogo wa chuma unaofungukia uwanja wa Murithi. Talaso alitembea kwenye majivu na mtoto mgongoni, akalala, akaamka, akabadilisha mahali pa kitanda, akafurahi. Tukachimba, tukamwaga msingi.

Kabla ya kuta kuanza, mji ukachafuka. Sitaeleza nani na nani, nyinyi mlikuwepo au mmesikia. Maduka yalifungwa, tukasikia bunduki mchana, watu wakahamia kwa jamaa zao. Mashine ya kusaga ikazimwa, Murithi hakukata chuma, malori hayakupita. Miaka yote nilitaka ile plot inyamaze, na iliponyamaza sikulala. Nilikaa nyumbani kwangu nikisikiliza kama kuna mbwa anabweka.

Mji ulipotulia Halkano alinipata kwenye msingi. Salaam aleikum, waaleikum salaam, akauliza afya yangu, akauliza wajukuu. Halafu akaniambia niondoe mlango wa nyuma. Na ule uwazi wa katikati ufunikwe slabu. Na madirisha ya mbele yawe matundu ya hewa tu. Alitaka kuta za zege pande zote, zege juu, na mlango mmoja wa chuma mbele ambao hata risasi haitoboi. Kelele pia itaisha kabisa, alisema, kana kwamba hilo ndilo tulilokuwa tunazungumza.

Nikamwambia, "Nyumba ya zege yenye mlango mmoja sijengi."

Hakukasirika. Alisema nifikirie, akaenda zake. Hilo lilinitisha zaidi, maana mtu anayepiga kelele humalizika, lakini huyu alikuwa na hofu iliyokaa chini.

Nilienda kwa Murithi. Alizima mashine yake, akaleta kiti, nikamweleza habari za ule mlango na hofu za jirani yake bila kuficha. Alinisikiliza akijifuta mikono. Akasema yeye hana neno na huo mlango, lakini nimjibu swali moja. "Shosho, mji ukichafuka tena, Halkano atapitia huo mlango atokee kwangu; tukivamiwa sisi, mimi na watu wangu tunaenda wapi?"

Nikamwambia, "Kwa Halkano."

Halafu akasema huo mlango atauunga yeye mwenyewe, komeo liwe upande wa Halkano, na upande wake hataegemeza chuma hata kimoja, atapiga mstari wa rangi chini ili wafanyakazi wake wajue. Nilitoka pale nikijiona nimeshinda. Makena pia alifurahi, akasema county hawangekubali sanduku bila mlango wa pili, na mimi nikamwuliza ni nyumba ngapi za Bulla Pesa zilizowahi kuwauliza county.

Nilimwambia Halkano aje na mke wake, kwa sababu nyumba ni ya mwanamke. Nilikuwa na hakika. Maisha yangu yote ya kazi yalikuwa hapo: wanaume wanabishana, mimi namwuliza mwenye nyumba, mwenye nyumba anasema ukweli, tunajenga.

Walikuja mchana. Talaso alipanda juu ya msingi na mtoto mgongoni, akatembea mpaka nyuma, mahali pa ule mlango, akasimama. Mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma, ikabidi nimsogelee.

"Akoo, hii nyumba ni ya nani?"

"Ni yako."

"Basi nataka mlango mmoja."

Nilidhani mume amemfundisha maneno. Nikamwangalia Halkano, naye alikuwa anaangalia barabarani, hana habari. Yalikuwa yake mwenyewe. Akasema Halkano akienda mnadani Merti, yeye ndiye anabaki na watoto. Milango miwili hawezi kuilinda. Mmoja anaweza, ataweka kitanda nyuma yake alale juu ya kitanda.

Nikamweleza ule mkeka wa mama yangu. Nikamweleza Chechelesi, hata yale ambayo sipendi kuyasema, jinsi tulivyomsikia yule nyanya halafu hatukumsikia. Nikamwambia Murithi amekubali, na mstari wa rangi na yote. Talaso alisikiliza vizuri, ni msichana mwenye adabu. Mtoto aliamka, akambembeleza kwa kuruka ruka kidogo.

"Mama yako aliwasukuma kwenye miiba," akasema. "Miiba haina kabila. Mimi nitawasukuma wangu kwa nani?"

"Kwa Murithi."

"Na siku hiyo wanaokuja mbele wakiwa ni watu wake?"

Nawaandikia swali lake nyinyi vijana ili mlijue, kwa sababu mtakutana na Talaso wenu. Nilimfikiria Murithi akijifuta mikono, na nilimwamini, lakini je, ningeweka mtoto wangu juu ya kuamini kwangu? Niliogopa kwamba huyu msichana ana haki. Bado naogopa. Huenda ikaja siku mlango wa nyuma ukawa ndio mbaya, na huenda ikaja siku moto uko mbele na nyuma hakuna kitu ila zege langu, limechanganywa vizuri, halina ufa. Siku hizo mbili nilizipima pale juu ya msingi na lori likipita, na sikujua ni ipi itafika kwanza. Lakini ya pili nilikuwa nimeshaisikia kwa masikio yangu.

Halkano akasema kwa upole kwamba wako mafundi wengine mjini. Nikasema wako, na wengine niliwafundisha mimi. Mpaka leo hakuna aliyekubali kujenga juu ya msingi wangu. Talaso akanishika mkono kwa mikono yake miwili, jinsi wanavyomshika nyanya yao.

"Akoo, nakuomba. Mwenye nyumba ni mimi, umesema mwenyewe. Nijengee ninavyotaka."

Katika miaka yote hiyo hakuna mwanamke aliyesimama kwenye nyumba yake akaniambia anachotaka nikakosa kumfanyia. Niliondoa mkono wangu taratibu, nikaikunja kamba yangu ya kupimia.

"Nyumba ya zege yenye mlango mmoja sijengi."